Kabati la wavu la bibi: nipake rangi upya au niache mbao ionekane?

BintiMikindani

Habari zenu wakuu. Shikamooni wakubwa wote mnaopita humu.

Nina kabati la chakula la marehemu bibi, yale ya zamani ya milango ya wavu na miguu mirefu inayosimamishwa ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Limekaa kwenye nyumba yetu hapa Mikindani tangu mama hajaolewa. Ndugu zangu wamehamia Dar, kila mmoja ana kabati lake la kisasa, na tulipogawana vitu hakuna aliyelitaja ila mimi. Nililitaka toka zamani.

Nieleze lilivyo ili mnisaidie vizuri. Urefu ni kama sentimita 150, upana 90, kina 45. Juu kuna milango miwili ya wavu, katikati droo mbili, chini milango miwili ya fremu ya mbao iliyojazwa plaibodi, na hiyo plaibodi imevimba na kuachana matabaka. Nje limepakwa rangi ya krimu, imepasuka na kubanduka kwenye pembe. Nilikwangua kidogo kwa kisu kwenye mlango: chini ya krimu kuna kijani, kile cha madirisha ya zamani, na chini ya kijani mbao nyekundu iliyokoza, nzito. Ndani halijawahi kupakwa rangi, ila mbao imekuwa nyeusi na inateleza, kwa sababu bibi alikuwa akilipangusa kwa mafuta ya taa, na sikukuu zikikaribia kwa mafuta ya nazi. Alisema wadudu hawapendi.

Wavu umeliwa na kutu. Hewa ya chumvi huku tulipo mnaijua. Bawaba na skrubu zake zimekuwa kitu kimoja. Mguu wa nyuma, ule ulio karibu na ukuta, umelika upande wa chini. Droo moja ina vitundu vidogo vidogo. Na milango ya chini inabana, lazima uivute kwa nguvu.

Sitaki liwe pambo la sebuleni. Nataka lirudi jikoni lifanye kazi yake, liweke mkate, maembe, mboga iliyobaki, sahani. Nilimwita fundi mmoja akaja kuliangalia akiwa bado juu ya pikipiki. Akasema atalipiga msasa wa mashine, aipitishe milango kwenye randa, apulize nyeupe inayong'aa, nilifuate jioni. Sikumpa. Sikuona kama ameliona kabati lenyewe.

Basi naomba kujua: nipake juu ya rangi iliyopo au nikwangue mpaka mbao? Hayo mafuta ya bibi yataleta shida? Na badala ya wavu nilifikiria kuweka ukili, yaani miyaa iliyosukwa, kwa sababu kuna mama jirani anasuka mikeka mizuri sana. Je, itafaa? Mvua zimekata na upepo wa kusi umeanza, naona huu ndio wakati.

MtotoWaNewala

Pole na hongera dada. Kuhusu wadudu usitumie hela dukani. Tafuta mafuta ya maganda ya korosho, paka droo na miguu yote. Mchwa hagusi. Huku kwetu wazee walipaka hata nguzo za nyumba.

SeremalaChikongola

Dada yangu, umefanya vizuri kutompa. Nianze na milango, kwa sababu hapo ndipo kabati zuri huuawa. Mlango unaobana ukiurandia mbao, kiangazi kikifika unaachia mwanya ambao panya anapita. Mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa ikikauka, na hapa Mtwara masika yetu ni ndefu, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Halafu milango yako ina tabaka mbili za rangi, huenda zaidi, kwenye kingo zake na kwenye fremu. Hizo tabaka zinatosha kuubana mlango. Ongeza bawaba iliyolegea inayouacha mlango uning'inie upande. Ondoa rangi kwenye kingo peke yake, badilisha bawaba, uujaribu. Randa iwe ya mwisho, na ikibidi, iwe mwezi wa tisa au wa kumi, mbao ikiwa kavu.

Sasa hayo mafuta. Ndiyo, yataleta shida kubwa. Rangi ikiwekwa juu ya mafuta ya taa na ya nazi ya miaka yote hiyo inajikunja, inaacha vitobo vya mviringo, na iliyobaki inabanduka kama ganda la yai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, sugua kufuata nyuzi za mbao, lakini usilimwagie maji, maana gundi ya zamani ikilowa viungo vinaachia. Kausha kivulini penye upepo. Likishakauka chukua kitambaa cheupe chenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, pangusa, geuza upande msafi, pangusa tena, mpaka kitambaa kisitoke na ukahawia. Halafu tone la maji: likikaa duara juu ya mbao, mafuta bado yapo, rudi nyuma. Likitandaa na kuzama, umemaliza. Hivyo vitambaa vya thina vianike nje vikauke, usivikunje na kuvitupa karibu na jiko.

Nje, usimkubalie mtu yeyote alete msasa wa mashine. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, kijani na nyekundu, nyingi ziliwekwa madini ya risasi. Siku hizi UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani wanapendekeza yasizidi sehemu 90 katika milioni, za zamani zilikuwa mbali sana na hapo, na kwa macho huwezi kujua. Vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto mdogo. Tumia msasa wa maji, namba 120 kisha 220, ukiulowesha, na ule ujiuji ufute kwa kitambaa na ukitupe. Usifagie pakiwa pakavu. Watoto na kuku wasiwepo uani siku hiyo, na unawe kabla hujashika chakula.

Kisha hakikisha ni rangi gani. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua pahali pa kufichika. Ikilainika na kutoka, ni rangi ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Kama ni ya mafuta na bado imeshika, huna haja ya kuikwangua yote. Toa iliyobanduka, lainisha kingo ili usione ngazi, ua mng'ao wote, weka praima ya mafuta, yaani rangi ya chini ya kushikiza, kisha rangi.

Skrubu zenye kutu: safisha mfereji wake kwa kipande cha msumeno wa chuma, weka tone la mafuta ya taa, ziache zilale. Asubuhi pasha bisibisi ya zamani kwenye moto, igusishe kichwa cha skrubu, ngoja ipoe, halafu fungua taratibu. Bawaba mpya nunua za shaba au stenlesi. Ukinunua skrubu za shaba, kwanza pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ifungue njia, uitoe, ndipo uingize ya shaba ukiwa umeipaka sabuni. Shaba ni laini, kwenye mbao ngumu inakatika kichwa.

Mguu: kata sehemu iliyooza kwa mshazari, mkato uwe na urefu kama mara nne ya unene wa mguu, unganisha kipande kipya cha mbao ngumu kwa gundi isiyoogopa maji. Usiunge kwa mkato ulionyooka na msumari, utavunjika siku ukilisogeza kabati likiwa na sahani.

Droo iweke juu ya karatasi nyeusi usiku kucha. Ukikuta unga mpya, wadudu wako hai. Ukipata boraksi, ule unga mweupe wa kuulia wadudu, iyeyushe kwenye maji ya moto, paka mara mbili kwenye mbao tupu iliyooshwa tayari. Haipenyi mafuta wala rangi. Hapo pia utaona kwa nini kuosha ni lazima kuanze.

NahodhaWaGhuba

Mdogo wangu wa Newala, nakuheshimu, lakini hapana kwa kabati la chakula. Mafuta ya maganda ya korosho yanaunguza ngozi. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyobabuka. Viwandani yanatumika sana kutengeneza rangi na vanishi, lakini yakishapikwa na kusafishwa. Ukiyapaka mabichi yanabaki yananata, meusi, na rangi haishiki juu yake kabisa. Nguzo ya ua, sawa. Droo ambayo mtoto anaingiza mkono kutafuta kijiko, hapana.

Na asije mtu akamwambia dada apake sifa, yale mafuta ya papa ya vyombo vya baharini, kwa sababu najua itakuja. Jahazi tunalipaka sifa juu na deheni, yaani mafuta na chokaa, chini kwa kuwa linaishi majini, na tunalirudia kila mara. Mafuta ya papa jikoni, nyumba nzima itajua.

MtotoWaNewala

Nimekuelewa mkubwa. Ahsante kwa kunifungua.

MamaWaLindi

Shoga yangu wa Mikindani, nimefurahi kama kabati ni langu. Mimi nilifanya la mama mkwe hapa Lindi mjini, nyumba yetu inapigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, kwa hiyo nitasema nilichokiona mwenyewe.

Ndani usipake rangi ya mafuta. Kabati ni kitu cha kufungwa, ile harufu inakaa wiki nyingi na mkate ndio unaoivuta. Ukishaosha kama fundi alivyosema, ama uache mbao tupu, ama uipake shelaki. Vile vigae vyembamba vya rangi ya asali unaviyeyusha kwenye spiriti na kupaka kwa kitambaa, inakauka upesi sana. Ni salama kwa chakula, hata pipi za dukani nyingine zinapakwa hiyo. Ila shelaki haipendi sufuria ya moto wala maji yanayotuama, inaweka doa jeupe. Rafu ya kuwekea chungu iache tupu.

Ukili usiuweke juu penye chakula. Panya anaupitia kwa usiku mmoja, na mende wanapenda kukaa ndani ya msuko. Lakini umesema milango ya chini plaibodi imekufa. Si ndiyo nafasi yake? Toa plaibodi, weka ukili pale, sahani na vikombe vikae chini. Hewa itapita, na chini hakutakuwa na ile harufu ya uvundo ya kabati lililofungwa masika nzima. Juu rudisha wavu, lakini wa stenlesi. Ule wa kupakwa zinki, pwani hii, haukai.

Mwambie jirani asuke kwa miyaa iliyokauka sawasawa, na kama anatia rangi, aichemshe vizuri isije ikachujuka. Mimi ningeomba weupe wa miyaa wenyewe na mstari mmoja tu wa kijani.

SeremalaChikongola

Mama wa Lindi amenitoa kazini. Naafiki, kwa sharti moja: ukili usipigiliwe misumari wala gundi kwenye fremu. Ubanwe kwa vipande vyembamba vya mbao vyenye skrubu ndogo kwa nyuma, ili masika ukiota ukungu uutoe, uanike, urudishe, au ubadilishe bila kuumiza mlango. Na uukate ukiwa mkubwa kidogo kuliko nafasi, maana miyaa nayo husinyaa.

BintiMikindani

Shikamoo fundi, shikamoo nahodha. Mama wa Lindi, sijui niseme nini, wazo la milango ya chini limenikaa moyoni. Nimeshaongea na jirani, amekubali, na amesema mstari wa kijani atauchagua yeye!

Nirudi na majibu. Spiriti haikutoa chochote, si krimu si kijani, kwa hiyo ni rangi ya mafuta. Unga mpya umeanguka chini ya droo ile moja, nyingine safi. Boraksi nimeipata mjini Mtwara. Skrubu zimetoka zote isipokuwa moja.

Sasa jambo lililonitia mawazo. Nimeosha ndani kama mlivyosema, na mbao imetoka nzuri ajabu, nyekundu yenye mistari iliyokoza. Mume wangu aliingia akauliza nimeleta kabati gani. Sasa natamani kukwangua nje kote mpaka mbao, nipake vanishi tu, rangi isiwepo kabisa. Ninakosea?

SeremalaChikongola

Marahaba dada. Kabla hujaamua, geuza kabati. Angalia ubao wa mgongo, chini ya ubao wa juu, na ubavu mmoja ukwangue kiasi cha kiganja. Mafundi wa zamani walipojua kabati litapakwa rangi, walichanganya mbao. Milango na rafu mninga au mkongo, mbavu mbao yoyote iliyokuwepo. Chini ya rangi hakuna aliyeona tofauti.

BintiMikindani

Fundi, ni kama ulikuwepo. Ubavu wa kushoto ni mbao nyeupe nyepesi, na wa kulia nusu yake ni nyekundu na nusu nyeupe, zimeungwa katikati. Na ile nyeupe ina viraka vilivyojazwa kitu kama nta.

SeremalaChikongola

Basi lina rangi yake nje tangu lilipozaliwa, na ndiyo heshima yake. Ukipaka vanishi hapo utapata kabati la viraka, na utakuwa umesaga risasi yote hiyo kwa ajili hiyo. Nje rangi, ndani mbao. Viraka vya nta vitoe vyote, rangi haishiki juu ya nta. Jaza kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi ya mbao, ukikauka ulainishe.

Ukichagua rangi ya kukolea haitakusumbua. Ukichagua nyeupe au krimu tena, mbao nyekundu mara nyingi hupenyeza ukahawia juu yake, hapo praima ya mafuta au shelaki chini ni lazima.

MamaWaLindi

Kijani, shoga. Kile kile cha chini. Chukua ganda lake dogo kavu, lifunge kwenye plastiki, nenda nalo dukani wakuchanganyie mpaka ifanane. Isiwe ya kung'aa sana, itaonyesha kila bonde la mbao. Chukua ile ya mng'ao wa kati, inafutika vizuri na mafuta ya jikoni hayaigandi.

BintiMikindani

Kijani basi. Nimeamua, na roho yangu imetulia. Fundi, la mwisho: ninunue kopo la ukubwa gani, na nipake saa ngapi? Huku kwetu asubuhi kila kitu kina umande.

SeremalaChikongola

Lita 1. Lita moja ya rangi hupita karibu mita 10 za mraba mara moja. Kabati lako nje, na nyuso za ndani za milango, halifiki mita 4, na utapaka mara mbili. Usiuziwe kopo la lita 4. Kopo linapoandikwa kuwa rangi haina risasi, chukua hilo, na uangalie alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Anza saa 4 asubuhi umande ukishaisha, acha kabla ya saa 9 alasiri ili rangi ishike kabla unyevu wa jioni haujaingia. Kivulini. Juani inatoa mapovu. Mpako wa kwanza uwe mwembamba, ulale siku nzima, pitisha msasa wa 220 kidogo sana, ndipo wa pili. Na shelaki ya ndani ipake siku kavu ya upepo. Hewa ikiwa na maji inageuka nyeupe.

Milango usiifunge upesi. Rangi ya mafuta inaweza kuwa kavu kwa kidole huku ndani bado laini, na ukifunga inagandana na fremu kisha inang'oka. Iache wazi wiki mbili hivi, halafu sugua mshumaa kwenye kingo zinazogusana. Sahani na mkate ndipo virudi.

Na likirudi jikoni, lisigusane na ukuta. Nyumba zenu za mawe ya matumbawe na chokaa zinashika maji hadi muda mrefu baada ya mvua, ndiyo maana mguu wa nyuma ulioza na wa mbele haukuoza. Liache vidole vinne kutoka ukutani. Makopo ya maji rudisha, lakini chini ya kila mguu, ndani ya kopo, weka kipande cha kigae ili mbao isimame juu ya maji. Maji yabadilishe kila wiki kwa sababu ya mbu.

Ile skrubu moja iliyogoma, usiitoboe kwanza. Niletee mlango wenyewe Chikongola, nitaitoa bila kuchukua hela.

BintiMikindani

Mungu akubariki fundi. Nakuja nao Jumamosi, na nitakuletea kipande cha ile mbao nyekundu uniambie ni mti gani.